Utalala Chumba Gani?

Ti. Kimya. Ti.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana jioni, na katika giza la alfajiri bomba la jikoni lilikuwa likidondosha maji kwenye beseni la bati, tone moja moja, bila haraka. Mama Tonge alikuwa macho kitambo. Alilala chali akimsikiliza mwanawe akipumua pembeni yake, na kila tone lilipodondoka alijiambia lile lile alilojiambia miezi mitano mfululizo: ya nini kutengeneza? Nyumba inauzwa. Atakayeinunua ndiye atakayelitengeneza.

Ila huyo wa kuinunua hakuonekana. Si kwamba watu walikuja wakaangalia, wakaondoka wakisema bei iko juu, au choo ni kidogo, au jirani ana mbwa mkali. Hakuja mtu. Miezi mitano, na hakuna hata mmoja aliyefika jikoni akalisikia lile bomba akakunja uso. Mama Tonge alikuwa amefika mahali pa kumtamani mtu wa kulalamika.

Nyumba ilikuwa ya mama yake. Marehemu alikuwa fundi cherehani, na aliijenga kwa nguo za watu, chumba baada ya chumba: pindo la huyu likawa dirisha, gauni la harusi la yule likawa bati. Sakafu nyekundu ya barazani aliimwaga mwenyewe, kanga kiunoni, mafundi wakimcheka. Alipomaliza kuisugua mafundi wakanyamaza. Alipofariki, nyumba ikamwangukia binti yake wa pekee, na wakati huo Baba Tonge alikuwa ameshahamishiwa kazi mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Alikuwa fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha maziwa. Alilala bweni la wafanyakazi, vitanda sita chumba kimoja, wake na watoto marufuku hata kuchungulia. Nyumba hii ikiuzwa watanunua nyingine ndogo kule, na watu watatu watalala chini ya paa moja. Basi, hilo tu ndilo walilolitaka.

Jana, kabla umeme haujakatika, Baba Tonge alikuwa amepiga simu.

"Mpe Tonge niongee naye."

Tonge, aliyepewa jina hilo kwa sababu alizaliwa mviringo kama tonge la kwanza la mwenye njaa, sasa alikuwa na miaka sita na miguu mirefu kama ya panzi. Aliipokea simu kwa mikono miwili, akasimama wima.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo?"

"Sijambo. Asante. Kwaheri."

Akamrudishia mama yake simu, akaenda zake.

Kule upande wa pili Baba Tonge akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Mama Tonge, mwanangu ananiamkia kama mwalimu mkuu."

"Ni mtoto huyo. Atazoea."

"Atazoea nini? Kwamba baba yake ni sauti? Huyu huyu alikuwa analia nikienda dukani tu." Akavuta pumzi. "Sikiliza. Shule ya huku wanaandikisha darasa la kwanza mwezi ujao. Nakuuliza kwa heshima zote: yule mzee wako yuko pale kutuuzia nyumba, au kutulindia?"

"Baba Tonge, usiseme hivyo."

"Haya, sisemi. Badilisha dalali."

Kusema ni rahisi. Dalali mwenyewe si mtu wa kuokotwa barabarani. Alikuwa rafiki wa baba yake Mama Tonge, na rafiki huyo alipozikwa yeye hakupotea kama wengine wanavyopotea sufuria za msiba zikishaoshwa. Ndiye aliyemtafutia mjane kiwanja hiki, ndiye aliyemwonyesha mipaka yake. Mama Tonge alimwita baba mdogo tangu alipojua kuita. Madalali wenzake walimpachika jina la Mzee Taratibu, kwa kuwa neno lake la kwanza katika kila jambo lilikuwa hilo, na la mwisho pia. Na mkewe, mama mdogo, ndiye aliyekaa na Tonge kila Jumanne na Alhamisi, Mama Tonge anapokwenda masomo ya jioni. Hakutaka chochote. "Mtoto ananichangamshia nyumba," alisema. "Mzee huyu ukimwacha bila mtu wa kumsemesha, anaongea na redio."

Mtu kama huyo humfukuzi. Unamsubiri.

Na Mama Tonge alimsubiri. Mwezi wa tatu alijikaza akamuuliza, "Baba mdogo, kwani hata simu hawapigi?"

"Wapigaji wapo, mwanangu. Wanunuzi ndio bado."

"Tofauti yao nini?"

"Taratibu," alisema, akaufuta ubao wake kwa kitambaa. Ubao aliuandika kwa mkono, herufi nyeupe juu ya rangi ya buluu, NYUMBA INAUZWA, na namba yake ya simu chini. Kila Jumamosi alipita kuufuta vumbi. Hiyo ndiyo kazi pekee ya udalali ambayo Mama Tonge aliwahi kumwona akiifanya.

Kulipokucha aliweka kitambaa chini ya bomba ili lisimsute, akamwandaa Tonge, akamshika mkono wakaenda mjini.

Ofisi ya dalali mpya ilibanwa kati ya duka la dawa na duka la kutoa kopi, mlango mmoja, meza moja, feni inayogeuza shingo kama mmbeya. Dalali alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa raba nyeupe na sketi ya ofisini.

"Karibu, dada. Viatu usivishangae. Visigino haviuzi nyumba, miguu ndiyo inayouza." Akampa Tonge biskuti bila kuuliza. "Niambie."

Mama Tonge akamweleza. Dalali alisikiliza huku akiandika, kisha kalamu ikasimama. "Huyo wa kwanza umeshamwachisha? Naomba nijue kabisa. Mimi sigombanii nyumba na mzee wa watu getini, wapita njia wakitazama."

"Nimeshamwambia," Mama Tonge akasema.

Neno lilitoka laini, kama halikuwa lake. Alitazama feni. Alijisemea moyoni kwamba si uongo, ni ukweli uliotangulia tu; kesho atamwambia, na neno litakuwa limefikiwa.

"Vizuri. Basi ung'oe na ubao wake. Watu wakiona namba mbili wanadhani kuna ugomvi wa urithi."

Jioni ile aliung'oa ubao kwa kisu cha jikoni, akauficha nyuma ya tangi la maji. Siku ya pili ilikuwa Jumanne. Alimpeleka Tonge kwa mama mdogo akiwa ameshapanga maneno: baba mdogo, sisi tunakushukuru sana, ila. Hiyo "ila" alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima. Mzee Taratibu alikuwa kibarazani akishona kamba ya kiatu cha Tonge iliyokatika wiki iliyopita, miwani puani, ulimi nje kidogo.

"Baba mdogo, ubao..."

"Ubao umefanya nini?"

"Umeanguka," Mama Tonge akasema. "Upepo."

"Upepo!" Mzee alivua miwani, akakasirika kama aliyesikia mtoto wake kapigwa. "Na mimi niliweka misumari midogo, nikiuhurumia ukuta wa marehemu. Kosa langu. Nisamehe, mwanangu."

Alfajiri ya siku iliyofuata alikuwa getini na nyundo na misumari ya inchi sita. Alipiga mpaka majirani wakatoka. "Sasa," alisema, akiutikisa ubao usiotikisika, "ije hata gharika."

Mama Tonge alijaribu kwa kisu, akajaribu kwa mpini wa mwiko, akajaribu kwa koleo aliyoazima kwa jirani. Ubao ukamtazama tu. Basi kila dalali mpya alipopiga simu kusema anakuja na mteja, alilowesha blanketi akalianika juu ya ukuta pale pale, likaufunika ubao wote. Wiki ile blanketi moja lilifuliwa mara nne. Siku ya tatu Mzee Taratibu alipita njiani akasimama.

"Mwanangu, unaanika blanketi juu ya biashara?"

"Tonge kakojoa, baba mdogo."

"Mimi sijakojoa," Tonge akasema kutoka ndani, kwa uchungu.

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Kakojoa au hajakojoa, jua liko upande ule." Akaenda zake. Mama Tonge akabaki ameshika ncha ya blanketi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amemsingizia mwanawe ili amdanganye baba yake mdogo, na wote wawili walikuwa wamemwachia hivi hivi.

Maana wateja walikuja. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulimeza: yule mwanamke wa raba nyeupe alipiga picha asubuhi, akazituma anakojua yeye, na kabla wiki haijaisha watu wanne walikuwa wamefika. Mama Tonge alipaka sakafu rangi, akaipiga brashi mpaka ikang'aa, akafua mapazia, akaweka kitambaa kipya chini ya bomba. Hakuna aliyeingia. Walisimama uani wakatazama barabara iko wapi na nguzo ya umeme iko wapi, wakapima kiwanja kwa hatua, mmoja akaongea na simu akiupa mlango kisogo.

Wa nne alikuja na futi yake, ile ya utepe wa chuma inayojikunja yenyewe. Alikuwa mjenzi wa nyumba za kupangisha, mtu mnene mwenye adabu, aliyevua kofia kumwamkia Mama Tonge na kumwita Tonge mchumba. Alipima upande wa mbele, akapima ubavuni.

"Karibu ndani uangalie vyumba," Mama Tonge akasema.

"Ahsante dada, usijisumbue. Hii yote inaondoka." Alisema bila ubaya, kama mtu anavyosema mvua itanyesha. "Hapa zinakaa nyumba nane, chini nne, juu nne. Bei yenu sina ubishi nayo." Futi ikajikunja, chwaa. "Kiwanja hiki nimekitamani zamani, ujue. Nilipiga ile namba ya ubaoni, mwezi wa kwanza huo. Akapokea mzee mmoja. Badala ya kuniambia bei, ananiuliza: ukiinunua, utalala chumba gani? Nikamwambia mzee wangu, mimi silali hapo, mimi navunja. Akaniambia basi hiyo nyumba si yako, kwaheri. Akakata!" Bwana Futi akamgeukia dalali, akicheka. "Na si mimi peke yangu. Wenzangu wawili waliulizwa hivyo hivyo. Nikasema labda ni mzee amechanganyikiwa, wamempa simu achezee."

Dalali mpya alicheka naye. Mama Tonge hakucheka.

Kwa sababu alikumbuka. Ilikuwa hapo hapo barazani, wiki ya tatu baada ya msiba. Mzee Taratibu alikuwa amekaa kwenye ngazi na kopo la rangi ya buluu, akiuandika ubao, na yeye alikuwa amesimama nyuma yake, macho yamevimba. Alikuwa amemwambia: "Baba mdogo, ila mtu wa kuibomoa usiniletee. Nakuomba. Mama aliimwaga sakafu hii kwa mikono yake. Mtu wa kubomoa hata asije kuitazama." Na mzee alikuwa amesema, bila kugeuka, brashi ikiwa kwenye herufi ya mwisho, "Nimesikia."

Ndiyo hayo tu. Mzee hakumkumbusha tena, wala yeye hakuuliza. Angemwambia watu wa kuvunja wamepiga, angekuwa anamtonesha kidonda. Kwa hiyo akanyamaza, akamuuliza kila aliyepiga simu chumba cha kulala, akachekwa na kila mjenzi wa mji, akasubiri. Na huyu aliyeomba akalala kila usiku akisema moyoni: mzee mvivu.

Je, alikuwa amesahau? Mama Tonge alijiuliza swali hilo huku Bwana Futi akipima nyuma ya jiko. Angependa kuapa kwamba alisahau. Lakini kuna kusahau, na kuna kuweka kitu mahali ambapo hutapita.

"Dada, unasemaje?" dalali akauliza kwa upole.

Tonge alikuwa amekaa kwenye ngazi, kiatu chake chenye kamba iliyoshonwa kikipiga sakafu nyekundu, tak, tak. Mama Tonge akamwona tena moyoni, amesimama wima na simu mikononi. Shikamoo. Sijambo. Kwaheri.

"Sawa," akasema.

Wakaandikishana Ijumaa, ofisini, chini ya ile feni. Tonge alikula biskuti mbili, akauliza karatasi ni za nini, na mama yake akamwambia ukweli: tumeuza nyumba, tunakwenda kwa baba. Sehemu kubwa ya fedha ilitumwa siku hiyo hiyo, na Baba Tonge akapiga simu jioni akiwa amesimama ndani ya nyumba nyingine, ndogo, yenye mwangwi. "Unasikia?" akapiga ukuta kwa kiganja. "Unasikia, Mama Tonge? Chumba hiki ni cha Tonge!" Alilia kwa furaha, mwanamume mzima. Mama Tonge naye akalia, na mumewe akadhani analia kilio kile kile.

Alikuwa na wiki mbili za kuhama. Jumanne akampeleka Tonge kwa mama mdogo, akaapa leo ni leo. Mama mdogo akampokea mlangoni kwa kikombe cha chai, akamwambia asichelewe, mwezi wa mitihani si wa kucheza, akamwekea na kalamu mbili kwenye mkoba kwa kuwa moja huisha wino. Alhamisi akaapa tena. Alhamisi Mzee hakuwepo. "Ametoka tangu saa nne," mama mdogo akasema. "Kavaa lile koti lake. Nikimuuliza anakwenda wapi, anatabasamu tu. Nimemwambia kama ni mke mdogo, amwambie kabisa hapa hatujui kupika."

Mama Tonge akacheka, akachukua mkoba wake, akaenda darasani akakaa masaa mawili bila kuandika mstari. Ijumaa akaandika barua. Alijifunza kuandika barua nzuri kwenye yale masomo, yenye aya na hitimisho, na hii iliandikika vizuri hata ikamchefua. Akaichana. Jambo la kumwambia mtu usoni halikai kwenye karatasi. Kesho, Jumamosi, atakapokuja kufuta ubao wake.

Jumamosi Mzee Taratibu alikuja, lakini hakuja na kitambaa. Alikuja na watu.

Alikuwa amevaa koti la kijivu, vifungo vyote, kwenye joto lile. Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba mwenye viatu vya uuguzi, na watoto wawili, msichana wa rika la Tonge na mdogo wake wa kiume aliyeshikilia sketi ya mama yake.

"Mwanangu!" Mzee alisema, na sauti yake ilikuwa inaruka kama ya kijana. "Nimempata! Huyu ni muuguzi wa zahanati ile ya juu. Nilikwenda kutafutiwa dawa ya mgongo, tukaanza kuongea. Jana, juzi, nimekwenda tena mpaka wakadhani mgongo umenishinda. Mwambie, mama, mwambie mwanangu nilichokuuliza."

Muuguzi alicheka kwa haya. "Aliniuliza nikiipata nitalala chumba gani. Nikamwambia mzee, sijaiona, lakini kama kipo kinachopata jua la asubuhi, hicho. Mimi natoka zamu ya usiku. Napenda kulala nikiliona jua linaingia."

"Umesikia?" Mzee akamgeukia Mama Tonge, macho yamelowa. "Jua la asubuhi! Kile cha marehemu!"

"Baba mdogo," Mama Tonge akasema, "naomba kwanza nikwambie..."

"Taratibu, mwanangu. Mgeni aone kwanza. Utaniambia."

Wakaingia. Mama Tonge akawafuata ndani ya nyumba yake kama mtu anayefuata jeneza. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukumbini, na mzee akayaona, akaguna kwa kuridhika. "Unaona, ameshajiandaa. Huyu ni mtu wa mpango, kama mama yake." Alimwonyesha muuguzi mlango wa bafu na jinsi ya kuunyanyua kidogo ndipo ufunge. "Usimwite fundi, mama, fundi atauharibu. Unyanyue tu hivi, kama unamsaidia mtu mzima kusimama." Alimwonyesha chumba cha mbele, na kwenye sakafu yake mashimo manne madogo, yenye urefu wa ukucha. "Hapa palikaa cherehani miaka ishirini na mbili. Pakipakwa sementi hapatapendeza. Paache."

"Siwezi kupaziba," muuguzi akasema. Alichuchumaa akaweka kidole kwenye shimo moja. "Marehemu alishona nini?"

"Kila kitu," Mama Tonge akajibu. "Sare za shule, zaidi."

"Basi huenda nilivaa mkono wake." Muuguzi akasimama, akazunguka chumba, akafungua dirisha. Jua likaingia. Alifumba macho, akasimama ndani yake na viatu vyake vyeupe, mwanamke aliyekesha akiuguza watu, na Mama Tonge akaona jinsi alivyokuwa amechoka, na jinsi alivyokuwa ameshafika.

Mama Tonge alimvuta mzee mkono wa koti. "Baba mdogo, tafadhali. Tutoke nje kidogo."

"Nini, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi ni uchungu wa kuiacha. Najua." Akaupigapiga mkono wake, akamnong'oneza, "Ulisema usiletewe mtu wa kuibomoa. Nilisema nimesikia. Kuna siku nilijiuliza kama nakuchelewesha, kama mume wako kule ananisema. Mama yako mdogo aliniambia, mwite binti muulizane upya. Nikasema hapana, mtoto amefiwa juzi, usimrudishe kwenye maneno yale. Umenivumilia, mwanangu. Mwingine angenitimua mwezi wa pili."

Aliposema hivyo hakuwa na kijembe hata chembe. Angekuwa nacho, Mama Tonge angepata pa kushikilia. Alitaka kusema: mimi ndiye huyo mwingine. Badala yake akauachia mkono wa koti.

Wakarudi barazani. Watoto wa muuguzi walikuwa wamevua viatu na wanateleza kwenye sakafu nyekundu, Tonge akiwafundisha pa kuanzia na pa kusimama ili wasigonge nguzo. Yule msichana aliuliza chumba chake kitakuwa kipi, na mama yake akamwambia asiwe na haraka, bado hatujapewa.

"Mmeshapewa," Mzee Taratibu akasema. "Imebaki mwenye nyumba kutamka siku. Haya, mwanangu. Wageni wanauliza: waje lini?"

Wote wakamtazama. Muuguzi alikuwa ameshika vidole vya mwanawe, tabasamu lake limesimama nusu, kama mtu anayengoja jina lake lisomwe. Mzee alikuwa amekunja mikono mbele ya koti lake la kijivu, amenyooka, amekuwa mrefu. Mama Tonge alifungua mdomo. Akaufunga. Aliitazama sakafu, akalitazama geti, akaitazama mikono yake mwenyewe ilivyoshikana, mpaka mzee akainamisha kichwa kidogo, bado akitabasamu, kumsikiliza vizuri zaidi.

Tonge aliacha kuteleza. Alimtazama mama yake, akamtazama mzee, kisha akasema kwa sauti, kwa adabu, kama anayemsaidia mtu mzima aliyesahau jibu:

"Babu, nyumba tumeshaiuza."